Kuku wa Rukiah Katika Mfungo wa Kiangazi

Rukiah binti Muhamadi hakuwa mtu wa kukaa kitako. Majirani zake wa Kisenyi, katikati ya Kampala, walikwisha kumzoea: ukimsalimu asubuhi atakuitikia akiwa tayari amekupa mgongo, na ukitaka kumaliza habari yako itabidi umfuate hadi uani, kwenye banda lake la kuku, useme naye huku anainama, anainuka, anahamisha beseni kutoka kona hii kwenda kona ile, kisha analirudisha pale pale lilipokuwa. Miezi ya mvua alikuwa na nafuu kidogo. Lakini Januari ikiingia na jua likaanza kuwaka juu ya mabati, mama huyo alikuwa hakamatiki. Alitoka ndani kwenda uani, uani kwenda barabarani kuangalia kama kuna wingu upande wa ziwa, barabarani kurudi uani, na njia nzima anasema peke yake.

Alikuwa na sababu. Banda lenyewe lilibanwa kati ya ukuta wa gereji na ukuta wa ghala la mahindi, mahali ambapo upepo haukupata pa kupenya. Naye kuku wa nyama, kama hujawahi kumfuga, ni kiumbe wa kuhurumiwa: mwili mzito, jasho hana, na joto likimzidi hana la kufanya ila kufungua mdomo, kutandaza mabawa na kuhema. Kwanza anahema polepole. Halafu mbio. Halafu, wakati wewe umekwenda jikoni kugeuza sufuria, ananyamaza. Mwaka uliotangulia Rukiah alimaliza swala ya adhuhuri akatoka uani, akakuta banda limenyamaza karibu lote. Tangu siku hiyo sauti ya kuku kuhema ilimkera, lakini kimya chao ndicho kilichomtisha.

Aliyekuja kuchimba shimo la kuwafukia alikuwa Yasiin, mwanawe wa pekee, mwenye duka la vipuri vya magari huko Bombo. Alichimba, na alipomaliza akasimama na koleo mkononi, akamwambia mama yake kwa Kinubi chao kwamba sasa yatosha. Nyumba yake Bombo ina vyumba vya kutosha. Ua wake una miti. Ndugu zao wamejaa huko, msikiti uko hatua chache, na hakuna gereji ya kumpigia makelele tangu alfajiri. Mjane wa umri wake anang'ang'ania nini Kisenyi?

Rukiah alimjibu kwamba anang'ang'ania nyumba ya baba yake. Wakagombana. Wakagombana tena kwenye simu mwaka mzima, kila mmoja akikata simu kabla mwenzake hajamaliza, mpaka Ramadhani ilipokaribia, nayo mwaka huo ikaangukia katikati ya kiangazi. Yasiin akaja mwenyewe kuweka sharti.

"Tufanye hivi, mama. Lea kuku wa Idi mara hii. Joto likiwala zaidi ya nusu, unafunga mzigo unakuja Bombo. Likishindwa, mimi sitalitaja tena jina la Bombo mbele yako."

"Hata kwa mzaha?"

"Hata kwa mzaha."

Wakapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe. Yasiin alipoondoka, Rukiah aliubonyeza mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akajiuliza amefanya nini.

Usidhani alikuwa anaringa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu mwaka wa sabini na tisa, serikali ya wakati ule ilipoanguka na Wanubi wote wakatwishwa dhambi za wanajeshi. Familia yake iliacha sufuria motoni. Wakapanda lori mpaka Arua, wakavuka mpaka kwa miguu, wakaishi Sudani kwenye mahema miaka na miaka, na waliporudi baada ya vita vya themanini na sita Rukiah alikuwa mwanamke mzima mwenye furushi kichwani. Nyumba walikuta ina watu wengine ndani. Baba yake, mzee Muhamadi, alisimama kwenye milango ya ofisi mpaka miguu ikavimba, akairudisha, akalala humo miezi michache, akafa. Kwa hiyo Yasiin, aliyezaliwa baadaye, alipotamka kuhama alifikiria gari na godoro. Mama yake alisikia kukimbia. Hakuweza kumweleza, maana kila alipoanza alijikuta anagomba.

Vifaranga mia mbili aliwaingiza bandani wiki mbili kabla ya mwezi kuandama. Na hapo ndipo Hortense alipoingia katika mambo haya.

Hortense alikuwa jirani yake wa ukuta mmoja, mkimbizi kutoka Uvira, mama mnene wa kicheko, mwimbaji wa kwaya ya kanisani kwao. Kazi yake ilikuwa kukamua maji ya matunda na kuyapeleka kwenye hoteli za Wasomali, na Ramadhani, ingawa yeye alikuwa Mkristo, ndiyo iliyokuwa msimu wake. Jioni ya kufuturu kila meza ilitaka jagi. Uani kwake kulirundikana maganda ya tikiti, maganda ya pasheni, maganda ya nanasi na machicha ya ukwaju, na kila asubuhi alilipa mtu kuyatupa. Siku moja, mwezi ukiwa bado haujaandama, aliegemea ukuta akamtazama Rukiah anavyohangaika kuwapepea vifaranga kwa kipande cha boksi.

"Mama Yasiin, utapepea mpaka lini? Kwetu Uvira, jua ikikuwa kali, mama yangu alikuwa anapatia kuku maganda ya tikiti. Banakula, banapata maji mu tumbo. Kamata hii maganda, ujaribu."

Rukiah alijaribu, lakini alijaribu kwa desturi ya kwao. Habuba yake, yaani bibi mzaa baba, aliyefuga kuku Bombo enzi za Waingereza, hakuwahi kumpa ndege kitu ambacho hakijapita kwenye ulimi wake mwenyewe. Pumba, mtama, dagaa waliosagwa, vyote alichota kwa ncha ya kidole, akaonja, akatema, ndipo akamwaga kwenye chombo. Pumba zilizovunda zina uchungu wake, alisema, na pua haiutambui. Rukiah alirithi kidole hicho. Akayaonja maganda ya tikiti, akayaonja ya pasheni, akayaonja machicha ya ukwaju mpaka meno yakaingia ganzi. Akaridhika.

Mwezi ulipoandama akapanga banda lake lifuate mfungo. Alikuwa ameona kwa miaka mingi, kwenye mwili wake mwenyewe, kwamba mtu akishiba ndipo anapopata joto. Mchana wa mfungo unachoka, unakauka, lakini huchemki kama baada ya sahani ya pilau. Basi kuku nao wale daku. Kabla ya alfajiri aliwamwagia pumba za mahindi zilizochanganywa na maganda ya pasheni aliyoyaanika na kuyatwanga, juu yake tikiti lililokatwakatwa. Jua likianza kupanda aliondoa vyombo vyote vya chakula, akaacha maji tu, maji yaliyolowekwa machicha ya ukwaju na kuchujwa, yenye uchachu kidogo. Adhana ya magharibi ikilia alirudisha chakula. Juu ya mabati akatandaza majani ya migomba na kuyamwagia maji mara kwa mara kwa kopo.

"Sasa kuku yako yote imesilimu," Hortense akamtania.

"Bado. Wanakunywa maji mchana."

Ilifanya kazi, tena kuliko alivyotegemea. Saa nane za mchana, wakati chuma cha gereji kilikuwa hakishikiki, kuku wa Rukiah walilala kwenye makapi ya kahawa aliyowatandikia, mabawa yamefungwa, macho wazi, wakipumua kwa adabu. Wachache walikufa, ndiyo. Kufikia katikati ya mwezi joto lilikuwa limechukua wanane. Rukiah alimpigia Yasiin simu kila jioni kumpa habari hata kama hakuulizwa, na Yasiin akawa anajibu "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo mama yake hakuielewa kama ni ya furaha au ya kushindwa.

Lakini kitu kizuri Kisenyi hakikai siri. Wenye mbuzi wa mtaa wa pili walisikia habari za maganda, wakaanza kufika uani kwa Hortense na magunia mapema kuliko Rukiah. Wakaja wenye ng'ombe kutoka ng'ambo ya barabara. Hortense alijitahidi kumwekea jirani yake fungu, ila fungu likazidi kupungua huku kuku wakizidi kukua, na jua, bila aibu yoyote, likazidi kuwaka. Rukiah akarudia hali yake. Akashindwa kutulia hata kwenye tarawehe. Alirukuu huku anahesabu kichwani maganda ya kesho yatatoka wapi.

Ndipo akakumbuka kiwanda kidogo cha achari karibu na Bugolobi, upande wa viwanda. Alishapita pale akasikia harufu ya ndimu imetanda barabarani. Ndimu ni dawa ya joto, nani asiyejua hilo? Akapanda boda boda mchana wa jua kali, tumbo tupu, koo kavu, akashuka getini. Mlinzi alikuwa mzee wa Kiacholi aitwaye Okullo, mwanajeshi wa zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini.

"Baba, mnafanya nini na maganda?"

"Natupa tu, mama. Gari ya takataka nakuja kesho. Wewe nataka?"

"Iko ya ndimu tu? Hakuna kitu ingine ndani?"

"Ndimu tu. Mimi nalinda geti, mambo ya ndani mimi hapana jua. Lakini hiyo ni ndimu, harufu yake si unasikia?"

Harufu aliisikia. Okullo, mtu mwema, alimbebea magunia mawili mpaka kwenye boda boda, akayafunga kwa kamba, akamwombea Mungu abariki kuku zake. Rukiah alirudi Kisenyi amekumbatia ndimu, amefurahi mpaka kiu ikamsahau.

Aliyaanika yale maganda juu ya paa, na kwa jua lile yalikauka mapema. Juu yake yalitoa ukungu mweupe, akadhani ni ule weupe wa ndani ya ganda. Akayatwanga. Akayachanganya na pumba kabla ya alasiri ili chakula kiwe tayari adhana ikilia. Kidole kilinyanyuka, kwa mazoea, kikafika karibu na mdomo. Akakirudisha.

Masheikh wanasema mpishi anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, na Rukiah alikuwa amewasikia wakisema. Ila habuba yake hakuwa mtu wa ruhusa, na Rukiah mwenyewe alikuwa akijisifu kwa Hortense kwamba tangu arudi kutoka Sudani mchana wa Ramadhani ulimi wake haujagusa hata mvuke wa sufuria. Ataonja baada ya kufuturu, alijiambia. Kisha ikaja adhana, ikaja tende, ikaja kelele ya kuku wenye njaa, akamwaga chakula kwenye vyombo na kukimbilia swala. Hakuonja. Kesho yake alichanganya tena, naye akakumbuka kuonja saa ambayo hakuweza, akasahau saa ambayo angeweza.

Kuku wakaanza kunywa maji. Walikunywa, wakanywa, wakarudi kunywa tena, na makapi ya kahawa chini yao yakawa tope. Rukiah akaona ni joto, kwani ni nini kingine? Akawaongezea maji, na ili kuwapoza, akawaongezea ndimu. Asubuhi iliyofuata wengine walikuwa wanayumba, shingo zimelegea, na aliyeinuliwa miguuni alitoa maji mdomoni. Wakaanza kufa. Walikufa asubuhi, wakafa jioni, na Rukiah akawa anatwanga maganda usiku na mchana, akimwaga ndimu kwa wingi zaidi kila alipookota mzoga. Hakumpigia Yasiin simu. Yasiin alipopiga hakupokea.

Halafu likaja wingu. Siku hiyo Kampala ilipoa kama imesamehewa. Upepo ulitoka ziwani, mabati yakashikika, na Hortense akatoka nje na sweta. Rukiah alisimama katikati ya banda akangoja kuku wapate nafuu. Walikunywa maji na kufa vilevile. Alisimama pale muda mrefu, mtu ambaye hasimami, akimtazama kuku mmoja anayejikokota kwenye baridi nzuri kabisa kwenda kwenye chombo cha maji. Joto halikuwepo. Basi ni nini kilichokuwa kinawaua?

Akainama, akachota pumba kwa ncha ya kidole. Ilikuwa saa sita mchana na alikuwa amefunga. Akaweka ulimini.

Chumvi. Si chumvi ya mboga. Chumvi ya kuunguza, iliyomfanya ameze kwa mshtuko kabla hajawahi kutema, na kwa funda hilo mfungo wake wa siku ile ukaondoka. Kiwanda cha achari. Alijua ni cha achari, kila mpita njia alijua, na ni mama gani wa mjini asiyejua kwamba ndimu za achari hulazwa kwenye mapipa ya chumvi? Ule ukungu mweupe juu ya maganda aliuona kwa macho yake, akautwanga kwa mikono yake, akawalisha kuku wake na kuwaongezea.

Hortense alimwona kutoka ukutani, kidole bado mdomoni.

"Mama Yasiin! Unakula?"

"Naonja," Rukiah akasema. "Nimechelewa kuonja."

Akalia, na akalia huku anafanya kazi. Alikusanya chakula chote cha ndimu na kukimwaga kwenye shimo. Alitoa pia vyombo vya maji, vyote, na hapo Hortense akadhani jirani yake amerukwa na akili, kwa sababu kuku waliobaki walipiga kelele ya kiu ya kuumiza masikio. Rukiah alijua anachofanya. Huko Sudani, mwaka ule wa kukimbia, alifika kisimani na watu waliotembea bila maji, na bibi mmoja mwenye kisima aliwapiga mikononi waliotaka kugida. Alimpa kila mtu kikombe kimoja. Akangoja. Akampa kingine. Waliomkimbia bibi yule wakaenda kunywa mtoni hadi kushiba, baadhi yao walizikwa hapo hapo. Rukiah alimchukia bibi yule siku nzima, na leo alimhitaji.

Alijaza maji matamu, yasiyo na ukwaju wala kitu, akayatoa kwa kipimo cha kikombe kwenye kila chombo. Kuku wakasukumana. Akaondoa. Akangoja wapumue, akatoa tena. Hortense aliruka ukuta, unene wake wote, akamsaidia upande wa pili, na wanawake wawili wakawa wanagawa na kunyang'anya, kugawa na kunyang'anya, huku kuku wakiwalaani kwa lugha yao. Rukiah koo lilikuwa limekauka kwa chumvi. Kwa kuwa mfungo umeshaharibika angeweza kunywa, lakini hakunywa mpaka magharibi; aliona haya kunywa mbele yao.

Siku mbili baadaye vifo vilikoma. Waliobaki walikuwa themanini na saba.

Nusu ya mia mbili hata mtoto wa darasa la kwanza anaijua. Hortense naye aliijua, akaja na shauri lake kwa sauti ya chini.

"Sikiliza. Nenda soko, uza hata nguo yako, uongeze kuku ingine hapa. Yasiin atajua wapi? Kuku haina sura."

Rukiah alikasirika, kisha akakaa na shauri hilo kifuani kutwa nzima, na kesho yake akajikuta amefika sokoni. Alisimama mbele ya matenga ya kuku, akapenyeza mkono, akamgusa mmoja kifuani, mnono, wa umri ule ule. Muuzaji akauliza anataka wangapi. Rukiah akautoa mkono. Alirudi nyumbani akavuta begi kutoka chini ya kitanda, akatia gurbaba zake za kujifunga, kanzu ya marehemu baba yake, sufuria mbili, akavitoa, akavipanga upya, akavitoa tena. Kwenye kuta aliacha alama za mkono wake alipopita akizigusa. Alikuwa na hasira na kila mtu, na Okullo, na Hortense, na mbuzi wa mtaa wa pili, na zaidi na kile kidole kilichofika karibu na mdomo kikarudi.

Yasiin alifika siku ya kuamkia Idi, adhuhuri, na jua lilikuwa limerudi na nguvu zake zote. Aliegesha pikapu mbele ya gereji. Mama yake alimngoja mlangoni, begi miguuni, kitambaa kimefungwa vizuri.

"Assalamu alaikum, mama. Begi la nini?"

"Wamebaki themanini na saba. Twende kabla barabara haijajaa."

Yasiin hakuinua begi. Alimpita, akaenda uani, na Rukiah akalazimika kumfuata mwanawe kama wengine walivyozoea kumfuata yeye. Bandani joto lilikuwa la kukaba. Yasiin alisimama akiwatazama kuku, na jasho likaanza kumtiririka shingoni. Kuku walikuwa wamelala, mabawa yamefungwa, midomo imefungwa. Kwenye kona kulikuwa na maganda ya tikiti ya alfajiri yaliyodonolewa mpaka yakabaki ngozi.

"Mbona hawahemi?"

"Wamekula daku. Mchana hawali. Na yale maji ni ya ukwaju."

"Mwaka jana saa kama hii walikuwa wameshakufa."

"Ndiyo."

"Sasa hao wengine waliuawa na nini?"

Akamweleza. Alimweleza yote, tangu getini kwa Okullo hadi funda la chumvi, wala hakupunguza kitu, na alipofika mahali pa kuwaongezea ndimu akarudi nyuma akaanza upya. Yasiin alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Joto lenyewe lilichukua wangapi?"

"Wanane."

"Basi wanane," Yasiin akasema. "Tuliweka sharti la joto, mama. Chumvi hatukuiweka."

"Usinichezee. Kuku aliyekufa amekufa. Ungekuwa wewe umeshindwa ningekushika na neno lako."

"Na mimi nakushika na lako. Sharti niliweka mimi, nalijua nilivyolisema."

Rukiah akabisha. Ndiyo, mama huyu aliyegombana mwaka mzima ili abaki, alisimama katikati ya banda lake akagomba kwa nguvu zote kwamba ameshindwa, kwamba ni yeye mwenyewe aliyewaua, kwamba mtu asiyeweza kukumbuka kuonja pumba anastahili kukalishwa uani kwa watu huko Bombo apepewe. Yasiin alimngoja amalize. Kuku mmoja alifungua jicho akawatazama, akalifumba.

"Mama Heritier alinipigia simu," akasema mwishoni. Mama Heritier ndiye Hortense. "Alisema amejuta kukushauri ununue kuku sokoni uniongopee, akataka nikukataze. Nikamwambia angoje tuone. Umeenda sokoni?"

"Nimeenda."

"Ukanunua?"

Rukiah akageuza uso. "Nilimgusa mmoja tu."

Yasiin akacheka, kisha kicheko kikamgeuka machoni, akajifuta kwa mkono wa shati akisingizia jasho. "Mtu anayejihesabia hasara yake mwenyewe mpaka kuku wa mwisho, mimi nitamhamisha vipi? Kama gunia?"

Alikwenda mlangoni, akalichukua begi, akalipeleka ndani, akalisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Aliporudi mama yake alikuwa bado amesimama pale pale, mikono imening'inia, kama hajui aifanyie nini. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Mwaka ujao nitakosea jambo jingine," akasema.

"Basi ulikosee hapahapa."